Kapeti za vipande: geuza mgongo kwanza, rangi tutaongea baadaye

Nikiulizwa kuhusu kapeti za vipande, hizi za mraba zinazopangwa kama vigae, swali la kwanza karibu kila mara ni rangi. Kijivu kitaendana na ukuta? Bluu haitachosha macho? Na mi jibu langu limebaki lile lile miaka yote niliyokaa kwenye kazi za sakafu: chukua kipande, kigeuze, tusome mgongo kwanza. Mtu anaona kama namzungusha hivi, ila rangi utaizoea ndani ya mwezi hata ungeichagua umefumba macho, wakati mgongo usiopatana na sakafu yako hauzoeleki, kona zinanyanyuka, mtu anajikwaa, vumbi linaingia kwenye maungio, alafu lawama zote anabebeshwa aliyepaka gundi.

Mgongoni utakuta mshale. Huo mshale unaonyesha nyuzi zimelala kuelekea wapi, na tutaurudia kwa sababu ndo unaoamua sura ya chumba kizima. Kwenye boksi, na mara nyingine mgongoni hapo hapo, kuna namba ya bechi, yaani vipande vilivyotiwa rangi na kutengenezwa pamoja. Boksi mbili zenye jina moja la rangi lakini bechi tofauti zikiwa dukani chini ya taa zinafanana kama mapacha, ngoja sasa uzipange sebuleni jua la saa kumi lipige kwa pembeni, utaona mstari umepita katikati ya chumba. Kwa hiyo nunua vyote kwa mkupuo mmoja, bechi moja, na kama duka halina za kutosha za bechi hiyo bora ungoje mzigo mwingine.

Alafu kuna nyenzo yenyewe ya mgongo. Zipo za lami, zipo za PVC, zipo za poliurethani (aina ya plastiki), zipo zenye feliti laini, kile kitambaa kinene cha nyuzi zilizoshindiliwa. Za lami ni nzito na kwa kawaida ni nafuu, uzito wake unasaidia kipande kikae chini bila kubembelezwa, ila usizitandike moja kwa moja juu ya sakafu ya vinaili, ile ya plastiki, unayotaka kuitumia tena siku moja, maana lami na vinaili vikigusana muda mrefu vinaambukizana, vinaili inabaki na madoa ya njano au kahawia yasiyotoka. Za PVC zinakaa na umbo lake vizuri na ndo nyingi maofisini. Zenye mto wa poliurethani au feliti ni raha mguuni na zinameza kishindo cha hatua, kwa hiyo kama wewe uko ghorofani na kuna watu chini yako, watakushukuru.

Kabla hujalipa fanya hivi: weka kipande kimoja juu ya kitu kilichonyooka kabisa, meza ya kioo ni nzuri, shuka mpaka jicho lako lilingane na uso wa meza, uangalie kona nne. Kizuri kinalala kote, au katikati kinanyanyuka kidogo sana huku kona zikiwa zimekaa chini. Kikiwa kona ndo zinaangalia juu, kirudishe, na wala usisikilize habari za kwamba gundi itakikalisha, gundi ya kapeti za vipande haikuumbwa kwa kazi hiyo, na nikifika kwenye gundi utaona kwa nini.

Sasa geuza upande wa juu. Nyuzi ni kama nailoni, polipropilini au poliesta, na hapa ndo pesa yako inapokwenda. Nailoni ukiikanyaga inasimama tena, kwa hiyo njia kuu ya ofisi, mapokezi, korido ndefu, mi naweka nailoni bila kubishana na mtu. Polipropilini ni rahisi zaidi na madoa ya vinywaji inayakataa vizuri, ila ikishalala imelala, mafuta inayapenda, na ukiburuta kabati zito juu yake ule msuguano peke yake unaweza kuyeyusha nyuzi na kuacha alama inayong'aa. Kwa chumba cha wageni kinachofunguliwa mara chache inatosha kabisa, sioni sababu ya kumkamua mtu hela ya nailoni pale. Poliesta ni laini na rangi zake ni kali, mi naipeleka chumba cha kulala. Ulizia pia rangi imeingiaje: kama uzi umetiwa rangi tangu ukiwa bado ni plastiki iliyoyeyushwa, rangi imeenda mpaka ndani na haipauki haraka kwa jua wala kwa dawa za kusafishia, wakati uzi uliochovywa baadaye unashika rangi nje tu.

Nyuzi zenyewe zipo za vitanzi na zipo zilizokatwa. Vitanzi vifupi vilivyobanana vinavumilia viatu na viti vya magurudumu, ila mwenye paka ajue kucha zinanasa mle na uzi mmoja ukivutwa unaacha mfereji. Zilizokatwa ni laini kwa mguu mtupu lakini zinaonyesha kila alama ya nyayo. Watu wengi wanadhani nyuzi ndefu ndo ubora. Bana kidole chako katikati ya nyuzi, ukifika mgongoni kirahisi jua zimepandwa mbali mbali, na hizo zitalala hata ziwe ndefu kiasi gani.

Bidhaa zinazofuata viwango vya Ulaya zina namba ya daraja inayotoka kwenye EN 1307: 21 hadi 23 ni za nyumbani, 31 hadi 33 ni za biashara, na namba ikipanda ndo inavumilia msongamano zaidi. Kama kuna viti vya ofisi tafuta kialama cha kiti chenye magurudumu. Kidokezo ambacho wauza viti huwa hawakuambii, juu ya kapeti yanatakiwa magurudumu magumu, yale laini ya mpira ni ya sakafu ngumu. Jengo la biashara litakuuliza pia habari za moto, huko utaona maandishi kama Bfl-s1, hayo yanasema sakafu inashika moto kwa shida na inatoa moshi kidogo. Usiyapuuze, mkaguzi hatayapuuza.

Tuje kwenye hesabu, hapa watu wanaumia sana. Kipande cha kawaida ni sentimita 50 kwa 50, kwa hiyo mita moja ya mraba inakula vinne. Chumba cha mita 4.2 kwa 3.6 ni mita za mraba 15.12, mara nne unapata 60 na kidogo, unaongeza asilimia 10 ya kupoteza kama unavyoambiwa kila mahali, unanunua 67 na unajiona mjanja. Havitoshi. Sikia. Ukianza katikati ya chumba kama inavyotakiwa, upande wa mita 4.2 utaingia vipande vizima 7 na kila ukutani kinabaki cha sentimita 35. Upande wa 3.6 vinaingia vizima 6 na kila ukutani sentimita 30. Vile vya pembeni vyote vinakatwa kutoka kwenye kipande kizima kwa sababu kinachobaki ni sentimita 15 au 20, hakitoshi kuwa cha pembeni pengine. Hesabu yote inakuja mistari 9 kwa 8, yaani vipande 72. Zaidi ya vile 67. Kwa hiyo chumba kidogo usikipigie kwa eneo, chora kwenye karatasi uhesabu miraba. Ukumbi mkubwa ndo ile asilimia inaanza kusema kweli, maana pembeni ni sehemu ndogo ya kazi yote. Boksi nyingi zina vipande 20 au 16, na hivyo vinavyozidi ndo akiba yako, usivirudishe dukani.

Na kwa nini tuanze katikati? Kwa sababu ukianzia ukutani unaamini ukuta, na kuta hazijanyooka. Mstari wa kwanza ukifuata ukuta uliopinda kidogo, ukifika upande wa pili upindo umekua na macho yanauona toka mlangoni. Pia unajikuta umebakiwa na ukanda wa sentimita 5 ukutani, ukanda kama huo haukai, kila vakyumu ikipita inaondoka nao. Vipande vya pembeni visipungue nusu ya kipande, na kama hesabu inakupa ukanda mwembamba, sogeza mstari wa katikati kwa nusu kipande. Kwenye chumba chetu cha mfano, ukiweka vizima 8 badala ya 7 ungebaki na sentimita 10 kila upande. Sogeza nusu, unapata zile 35.

Kabla ya yote hayo, sakafu. Hapa mi ni mkorofi na sitaki msamaha. Zege bichi linatoa maji muda mrefu kuliko mwenye jengo anavyotaka kusikia, kanuni ya mafundi ni kama siku 1 kwa kila milimita 1 kwa milimita 50 za kwanza, baada ya hapo linakwenda polepole zaidi, kwa hiyo zege la milimita 100 usilihesabie siku 100, ni zaidi. Viwango vya Uingereza vinataka unyevu usizidi asilimia 75 kwa haigromita (kifaa cha kupima unyevu wa hewa) iliyofunikwa juu ya sakafu. Huna haigromita? Chukua nailoni ya plastiki, kama mita moja kwa moja, ibandike pembe zote kwa tepu pasipite hewa, iache mpaka kesho. Ukikuta matone chini yake au zege limekuwa jeusi, ahirisha. Isipoonyesha kitu haimaanishi uko salama asilimia mia, ni kipimo cha haraka tu, ila ikionyesha maji hakuna mjadala.

Niliwahi kuitwa kuangalia ofisi moja ambayo kapeti ilikuwa na miezi michache tu. Ukiingia unapokelewa na harufu ya nguo zilizokunjwa mbichi. Nikaingiza ncha ya kisu kwenye ungio, nikanyanyua kipande kimoja, kikaja bila upinzani wowote, gundi chini imegeuka nyeupe, inateleza, inavutika kidoleni kama ute wa yai, na zege lenyewe likiwa na rangi mbili, pembeni limekauka katikati jeusi. Vipande vyenyewe vilikuwa vizuri, vya bei. Walikuwa na haraka ya kuhamia. Tukavitoa vyote, tukavisimamisha vikauke, sakafu ikapakwa dawa ya kuzuia unyevu, na sehemu kubwa ya kapeti ile ile ikarudi chini. Hiyo ndo bahati ya vipande, ingekuwa ya roli, ile ndefu inayokuja imeviringishwa, ingeishia jalalani.

Mbali na unyevu sakafu iwe imenyooka, mafundi wanaokagua vizuri wanalaza rula ya mita 2 na hawataki nafasi chini yake izidi milimita 3 hivi. Mashimo yajazwe, vinundu vya simenti vikwanguliwe, vumbi lifyonzwe sio kufagiwa tu, maana gundi ikishika vumbi imeshika vumbi, haijashika sakafu. Na tafadhali, ukikuta vigae vya plastiki vya zamani sana au gundi nyeusi ya zamani, usivisage wala kuvikwangua kwa mashine, vinaweza kuwa na asbestosi, madini ambayo vumbi lake linaharibu mapafu, ita wanaojua kupima.

Vipande vifungue na uviache ndani ya chumba hicho hicho siku nzima kabla ya kazi, vizoee joto la pale. Piga mistari miwili ya chaki inayokatana katikati, na usiamini jicho, pima 3, 4, 5: mita 3 kwenye mstari mmoja, mita 4 kwenye mwingine, umbali kati ya hizo alama uwe mita 5 kamili, chumba kidogo tumia nusu yake. Panga mstari mmoja mmoja bila gundi uone pembeni zinaangukaje. Ndo upake.

Gundi ya kazi hii ina tabia yake, haikauki ikawa ngumu, inabaki inanata daima kama mgongo wa stika, kazi yake ni kuzuia kipande kisitembee, sio kukivuta chini. Inapakwa kwa rola ya sponji, nyembamba, inakuwa nyeupe kama maziwa. Subiri. Weupe utaanza kupotea kwenye kingo, alafu katikati, mpaka inakuwa angavu. Gusa kwa kidole: kikinata na kidole kikatoka kisafi, anza kazi, kikitoka na gundi, rudi ukakae. Wenye haraka wanalaza kapeti kwenye gundi nyeupe na matokeo yake imeshika moja kwa moja, siku ya kubadili kipande kimoja chenye doa wanakichana na sakafu juu. Sasa faida yote ya kununua vipande imeenda wapi?

Nyumbani kwenye chumba kidogo huhitaji hata kupaka kote, tepu ya pande mbili kuzunguka ukuta, mlangoni na kwenye mistari kadhaa katikati inatosha. Kampuni ya kapeti za vipande ya Interface, ambayo Ray Anderson aliianzisha 1973 huko Georgia, Marekani, ilileta 2006 vistika vinavyounganisha kona za vipande vyenyewe kwa vyenyewe bila kugusa sakafu. Kwa mpangaji anayetaka kuondoka bila kugombana na mwenye nyumba ni wazo zuri.

Anzia pale mistari inapokatana, jenga kwa ngazi, kimoja, viwili, vitatu, ili kila kipande kipya kiegemee viwili. Kishushe kutoka juu usikiburute, ukiburuta nyuzi zinaingia kwenye ungio na ungio hilo litaonekana milele. Ukikuta zimebanwa zitoe kwa ncha ya bisibisi bapa. Kila baada ya vipande 10 pima, inatakiwa usome mita 5 na milimita chache tu, ikizidi hapo umeacha nafasi, na nafasi ndogo zikijumlishana mstari wako unapotea. Ila usivibane kwa nguvu pia, vikibanwa kupita kiasi vinanyanyuka kama hema.

Ule mshale sasa. Mishale yote ikielekea upande mmoja chumba kinaonekana kama kapeti moja kubwa, kimetulia, ila kila doa na kila uchakavu unasomeka. Ukigeuza kila cha pili robo mzunguko unapata kama drafti, kimoja kinaonekana cheusi zaidi kwa sababu mwanga unapiga nyuzi zilizolala tofauti, na mpangilio huo unasitiri mengi, mi kwa ofisi naupenda zaidi. Wapo wanaopishanisha kama matofali. Na tangu Interface walipotoa kapeti iitwayo Entropy mwaka 2000, muundo wa mbunifu David Oakey ulioiga sakafu ya msituni ambako hakuna kipande cha ardhi kinachofanana na kingine, zipo za kulaza vyovyote unavyojisikia, hata kuchanganya bechi sio dhambi kubwa. Ukiona jirani kaweka hizo usiige na za kwako za kawaida.

Kukata unakatia upande wa mgongo, kisu chenye ncha mpya, rula ya chuma, pitisha mara mbili tatu bila kulazimisha. Kupata kipimo cha ukutani weka kipande kipya juu ya kile cha mwisho kilicho kizima, kingine juu yake kikiegemea ukuta, chora mstari pale ukingo wake unapoishia, ukikata hicho cha kati, sehemu iliyokuwa inaonekana inaingia pale kwenye nafasi barabara bila kusoma namba yoyote. Angalia mshale kabla hujakata. Fremu ya mlango tengeneza kwanza kwa boksi la karatasi.

Baada ya hapo ni kufyonza vumbi mara kwa mara na kuweka zulia la kujifutia miguu mlangoni, mchanga ndo unaokata nyuzi. Kitu kikimwagika kandamiza kwa kitambaa ukitokea ukingoni kwenda katikati, usisugue, na usimwage maji mengi maana yanashuka kwenye maungio. Kipande kikiharibika usichukue cha akiba ukaweka katikati ya chumba, kipya kitang'aa peke yake pale. Chukua kilichopo chini ya kabati kipeleke katikati, kile kipya kiende chini ya kabati.

Na kabla hujaniuliza kuhusu ngazi: mi siweki vipande vya kulaza kwenye ngazi. Ukingo wa ngazi unapokea uzito wote wa mtu anayeshuka, kipande kinachoshikwa na gundi ya kunata kinatembea pale, na kikitembea mtu anaanguka. Ukitaka lazima, ni gundi ya kudumu na ukingo wa chuma uliofungwa kwa skrubu, ila kwa gharama hiyo mi namwambia mtu anunue ya roli.